Sogea, kwa Penseli

14 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, na Bibi anasema, mwambieni mwanangu bado niko hai, asije akasahau kwamba ana mama.

Kamera imefika. Ilikuwa imefungwa ndani ya sweta lako la kijani, na Mama alilishika sweta kabla hata ya kuitazama kamera. Alilinyoosha mezani, akapenyeza kidole kwenye tundu la kiwiko, akasema, "Mtu anapiga picha za maharusi na kiwiko kiko nje." Amelitundika kwenye msumari wa kazi zinazosubiri. Usitegemee kuliona karibuni, kuna rundo la sare za shule mbele yake.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimeelewa kwamba msaidizi wako anaondoka mwishoni mwa Juni kwenda kufungua studio yake, na kwamba kiti chake nyuma ya pazia kitakuwa changu nikikuletea picha moja ya mtu ambayo unaweza kuiweka dirishani bila kuona haya. Picha moja tu. Ulivyoandika, linaonekana jambo dogo.

Mama naye ameshanitafutia nafasi. Kwenye ghala la vifaa vya ujenzi wanataka karani kuanzia Julai, mtu wa kuandika mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka. Anasema si vibaya kuwa na pa kuangukia. Sikumjibu. Unajua mimi kujibu hunichukua muda, na nikiwa tayari watu huwa wameshahamia kwenye habari nyingine.

Natuma filamu ya kwanza. Humo yupo Mama kwenye cherehani, Bibi, Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na mapacha wa jirani. Nakuambia ukweli, kupiga picha si kazi. Kazi ni kumwomba mtu. Kwa Kinyozi nilipita na kurudi mbele ya mlango wake mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mpwa wako,
Kimya

30 Januari

Kwako Kimya,

Marahaba, mwanangu. Mwambie Bibi sijasahau. Mwambie na Mama kwamba maharusi hutazama kamera, hawatazami kiwiko.

Filamu nimeisafisha jana. Hakuna iliyoungua, na hilo peke yake limenifurahisha, maana wengine filamu yao ya kwanza hutoka kama wamepiga picha ndani ya sufuria. Sasa vumilia. Mama ameota nguzo ya umeme kichwani. Mapacha wamekuwa wawili na nusu, kuna mkono pembeni usio na mwenyewe. Kinyozi umemkata kichwa ukatuachia barabara nzima mbele yake. Kama aliwahi kukunyoa vibaya, hapo mmelipana. Bibi ndiye huyo huyo ninayemfahamu, amekaza uso kama anayesubiri sindano. Hilo si kosa lako. Nimempiga picha tangu nilipopata kamera yangu ya kwanza, na sijawahi kumpata akiwa vingine.

Mwanga unaujua. Nuru ya dirishani kwenye mikono ya Mama, sikukuambia uipige, umeiona mwenyewe.

Mimi si mwalimu wa maneno mengi. Aliyenifundisha alikuwa akigeuza picha, anaandika nyuma kwa penseli kitu kimoja cha kurekebisha, kisha anaitupa mezani. Nami nitakufanyia hivyo, ila sitazitupa. Nyuma ya nyingi utaona neno lile lile. Lifanyie kazi. Nakurudishia zote. Mimi hubaki na ile tu inayokwenda dirishani.

Mjomba

15 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Picha zimefika. Kinyozi nimempelekea yake. Ameibandika kwenye kioo, anawaambia wateja huo ndio mtindo mpya.

Nimezigeuza moja moja. "Sogea." "Sogea." "Sogea kidogo." Nimekuelewa, Mjomba, na nimejilaumu kwa kutoliona mwenyewe. Nilikuwa nimewabana watu. Mama atashonaje na mimi nimemsimamia na kamera? Ndiyo maana uso wake uko vile.

Basi nimesogea. Mama safari hii nimempiga kutoka uani, kupitia dirishani. Kinyozi nimempiga nikiwa upande wetu wa barabara, nyuma ya gari lililoegeshwa. Bibi nimempiga akiwa bombani na mimi nikiwa mlangoni kwa jirani. Kusema kweli, ushauri wako nimeupenda. Nikiwa mbali hivi sihitaji kumwomba mtu, na hakuna anayeniuliza nimepoteza nini.

Mama anasema wa ghalani wameuliza kama najua kujumlisha haraka. Najua, ila si mbele ya watu.

Mpwa wako,
Kimya

2 Machi

Kwako Kimya,

Marahaba. Nimezitazama picha zako, kisha nikazitazama tena kwa kioo cha kukuzia. Ile ya bombani, yule mwenye rangi ya bluu ni Bibi au ni ndoo? Msaidizi wangu anasema ni ndoo. Mimi nimetetea heshima ya mama yangu, lakini sina uhakika.

Umepanga vizuri. Nguzo zimerudi mahali pake na hakuna mkono usio na mwenyewe. Lakini mtu, mwanangu, mtu yuko wapi? Dirisha langu liko kando ya barabara. Anayepita anatembea, hasimami kutafuta. Anataka kuona sura.

Kuna jambo nataka kukuambia, kisha nalimeza, maana najua wewe ukiambiwa jambo huenda kulala nalo. Basi nimeandika neno lile lile nyuma, na safari hii nimelipigia mstari. Nitaishia hapo.

Mjomba

20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimeuona mstari. Penseli ilikandamizwa mpaka maandishi yametokeza upande wa mbele, kwenye mlango wa Kinyozi. Nimeona umeanza kuchoka na mimi.

Umesema anayepita anataka kuona sura. Nimelifikiria sana. Nadhani nimekupata. Watu wakijua uko karibu huficha sura yao ya kweli, kwa hiyo ni lazima niwe mahali ambapo hawanioni kabisa. Sasa nimesogea kweli. Nimepata sehemu ambayo naona ua wetu wote na ua wa jirani, kamba za nguo, bomba, mlango wa nyuma wa Mama, hata kipande cha barabara. Sitasema ni wapi kwa sababu ukimwandikia Mama unaweza kujisahau.

Natuma filamu nzima ya kutoka hapo. Tafadhali niambie kama bado.

Mpwa wako,
Kimya

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima ila nina swali. Umemwambia nini huyu mtoto?

Jana mpangaji wa nyumba ya nyuma kaja hapa, kakaa kwenye kiti cha wateja, kakohoa, kisha akaniuliza kwa adabu kama binti yangu ana tatizo lolote. Nikamuuliza tatizo gani. Akasema, mama, kila saa tisa mchana yuko juu ya paa letu, amejibanza kwenye tangi la maji. Nilitoka na futi yangu shingoni. Nikamkuta kweli, amekumbatia tangi kama kinda, kamera kifuani. Nikamwambia shuka. Akashuka. Nikamuuliza unafanya nini huko. Unamjua, alikaa kimya mpaka nikarudi kwenye cherehani, nikatunga uzi, nikashona mguu mmoja wa suruali, ndipo aliposema, "Mjomba kaniambia nisogee."

Asogee wapi zaidi? Mwezini?

Na jingine, kwa kuwa nimeshika kalamu. Nimesikia habari za hicho kiti chako nyuma ya pazia. Mimi sikuombi umchukue kwa kuwa ni mpwa wako. Akistahili, mchukue. Lakini nikija kujua umemwonea huruma, nitamfuata na kumrudisha kwa basi la kwanza, na wewe nitakuvuta sikio mbele ya wateja wako. Huyu mtoto ameonewa huruma vya kutosha. Kila mtu humsemea kabla hajafungua mdomo, nami nimo.

Dada yako

Sweta lako bado liko msumarini.

10 Aprili

Kwako Kimya,

Mwanangu, shuka kwenye tangi. Barua ya Mama nimeisoma nikiwa nimesimama dukani, nikacheka mpaka mteja wa picha ya pasipoti akacheka naye, ikabidi nimpige upya. Halafu nikakaa, na kicheko kikaisha.

Sogea mbele. Sogea karibu. Msogelee mtu mpaka uone mshono wa kola yake. Hilo ndilo nililoandika tangu Januari. Halikunipitia kabisa akilini kwamba neno hilo lina mlango wa nyuma.

Nami nina langu la kukiri. Lile nililolimeza lilikuwa hili: unaogopa watu. Niliona nikiliandika waziwazi utaifungia kamera kabatini. Nikajificha nyuma ya neno moja, na wewe ukajificha nyuma ya tangi.

Sasa sikiliza. Zile za juu ya paa nimezisafisha. Katika mojawapo, chini kabisa pembeni, Bibi amekaa karibu na bomba na mama wa mapacha. Anacheka. Mdomo wazi, kichwa nyuma, mkono umeshika goti. Nimeitazama kwa kioo asubuhi yote. Sura hiyo niliiona mara ya mwisho nikiwa mtoto, na sikuwa na kamera. Lakini ni ndogo kama punje ya mchele. Nikiikuza inavunjika na kuwa chengachenga tu.

Hiyo ndiyo picha ya dirishani. Nenda ukaichukue kwa karibu.

Mjomba

25 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kukaa bafuni, ndiko pekee kwenye komeo. Masikio yalikuwa yanawaka. Kisha nikacheka, Mama akabisha mlango kuuliza kama nina homa.

Lakini nataka unielewe. Neno hilo hapa nyumbani naambiwa mimi kutwa. Sogea nipitishe kitambaa. Sogea nifagie. Sogea mgeni akae. Shuleni, kwa sababu nilirefuka mapema, ilikuwa sogea wenzako waone ubao. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniambia sogea akiwa na maana ya njoo. Kwa hiyo nilipoliona kwa mwandiko wako nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Niliwapisha watu.

Na ulipolipigia mstari nilijiuliza kidogo, sitakudanganya. Sikukuuliza kwa sababu maana niliyokuwa nayo ilinifaa. Kule juu nilikuwa na raha sana, Mjomba. Niliwaona wote na sikumzuia mtu.

Sasa sijui. Juzi nilimsogelea Bibi kama ulivyosema, nikaona mshono wa kola, na yeye akaniona. Akakaza uso, akaweka mikono magotini, akasema, "Piga basi, nina kazi." Nikapiga. Ni ile ile ya sindano. Sioni nitafanyaje kwa muda uliobaki. Mama amenikatia kitambaa cha blauzi nyeupe ya kuendea ghalani. Ni kizuri.

Mpwa wako,
Kimya

6 Mei

Kwako Kimya,

Marahaba. Wewe ulikuwa hujaambiwa, basi mimi nakuambia. Sogea, maana yake njoo.

Kuhusu Bibi, usimwambie acheke. Nimejaribu, matokeo yake ni yale ya kuogopesha watoto. Tembea na kamera shingoni bila kupiga. Kula nayo, fua nayo, mpaka aione kama kifungo cha nguo yako. Mpe mkono kwenye kazi anayofanya. Anayekusaidia kazi si mpiga picha.

Na usihesabu muda uliobaki. Hiyo ni kazi ya makarani.

Mjomba

3 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natuma filamu. Sijui kama imetoka, ila nitakueleza ilivyokuwa.

Nimevaa kamera tangu barua yako ilipofika. Mwanzoni Bibi alikuwa ananiuliza kama hicho ni kidani, sasa ameacha kuuliza. Jumamosi Mama alimpa mkebe wa vifungo avichambue, maana vya mashati vilikuwa vimechanganyika na vya makoti. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, sinia mapajani. Nikaleta kigoda changu nikakaa mbele yake, tukawa tunachambua. Hatukuongea. Yeye nami huwa hatuna haja.

Halafu akasema, "Sogea, unanizibia mwanga."

Nilijua anachotaka. Alitaka nirudi nyuma. Mwili wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka. Lakini nilipolisikia neno lenyewe nikakukumbuka, nikavuta kigoda mbele. Magoti yetu yakagusana na sinia.

Bibi akanitazama. "Nimesema sogea."

"Nimesogea, Bibi."

"Umesogea umekuja wapi? Unataka kuingia tumboni?"

"Hujasema upande gani."

Mjomba, mimi sijibu watu hivyo. Alinitazama kama vile cherehani ya Mama imesema neno. Kisha akaanza kucheka. Kichwa kikaenda nyuma, mkono ukashika goti, lakini safari hii goti lilikuwa langu. Sinia likainama, vifungo vikamwagika sakafuni. Nikainua kamera. Alikuwa karibu kiasi kwamba uso wake ulijaza kamera nzima, na nikapiga, na hakuacha kucheka. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unapita juu ya bega langu.

Mama alitoka kuuliza ni nani amemwaga vifungo. Tukaviokota mpaka jioni.

Kama haitafaa, nitakwenda ghalani na sitanung'unika. Lakini ningependa ifae.

Mpwa wako,
Kimya

24 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bahasha imefika juzi. Niliitikisa, nikachungulia ndani, hakuna barua. Ni picha moja tu, ndogo ya kuenea kiganjani. Bibi yumo akicheka, kwenye shavu lake kuna nuru, na chini pembeni kuna kifungo kimoja kimenaswa kikiwa bado hewani. Sikujua kwamba nimekipiga.

Nikaigeuza. "Kaa." Basi.

Niliiweka kwenye meza ya kukatia, tukaizunguka. Mama alisema ni wazi, kaa maana yake kaa nyumbani, Mjomba amekukatalia kwa upole. Akaenda kuipiga pasi blauzi nyeupe. Kinyozi, aliyekuja kufuata suruali yake, alisema kwa picha kama ile maana yake ni kaa kitako upumzike. Bibi alikuwa bado anajitazama. Aliuliza kwanza kama meno yake siku zote yako hivyo. Kisha akasema, "Huyo nimemzaa mimi. Akikataa kitu hafungui hata mdomo. Akiandika neno moja, anatania."

Nilichukua karatasi nikuulize, kaa huku au kaa huko? Nilikuwa nimeshaandika salamu. Halafu nikaitazama tena picha, nikaona ni nakala. Kubwa yake hukuirudisha. Na katika barua yako ya kwanza uliandika kwamba hubaki na ile tu inayokwenda dirishani.

Kwa hiyo sikuuliza. Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa. Nilimwambia Mama mwenyewe, kwa sauti, wateja wakiwepo. Alimaliza pindo alilokuwa anashona, akakata uzi kwa meno. Jioni nilipokwenda kufunga mfuko wangu nilikuta sweta lako la kijani limewekwa juu kabisa. Kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa rangi ile ile, huwezi kujua kwamba palikuwa na tundu. Chini yake kuna blauzi nyeupe, imenyooka.

Ikiwa nimelisoma vibaya tena neno lako, utaniambia nikiwa nimeshakaa.

Mpwa wako,
Kimya